Uti

Kalenda dukani kwa Hasmukhbhai, pale Ngara,
ilikwama kwenye mwaka ambao hakuna anayeukumbuka.
Tarehe zilichanwa zamani, ikabaki picha:
vilima, ukungu, treni ndogo ya buluu
ikipanda kama jongoo aliyechelewa.
"Huko," angeniambia akihesabu vifungo,
"hewa yake, Mwelu, unainywa kwa kijiko."
Hajawahi kufika. Alizaliwa Pumwani,
akasomea Ngara, akaoa Ngara, na nyonga yake
sasa inamkataza hata ngazi za stoo.

Mimi ndiye niliyefika.
Sikwenda kutalii. Nilikwenda kumpa kaka yangu figo.

Kyalo alilazwa Koimbatore, kitanda cha dirishani.
Siku ya ishirini na tatu daktari akaukagua mshono wangu,
akasema, wewe umepona, nenda ukapunge hewa.
Wapi? Akasema, Uti.
Nikacheka hadi ubavu ukanivuta:
mji mzima kuitwa uti, kama wa mgongo!
Hakuelewa. Sikumweleza.

Treni ya kalenda ipo kweli.
Ina meno chini, inauma reli isije ikarudi nyuma,
inapanda kama mdeni
anayekwenda kwa anayemdai.
Kila handaki watoto walipiga mayowe,
nami gizani nikashika ubavu
nikahesabu: moja. Moja tu. Moja inatosha.
Kituoni tumbili alininyang'anya ndizi
bila kuniangalia usoni, kama kanjo.

Kisha juu. Mlango wa behewa ukafunguliwa,
harufu ikaniita jina la nyumbani:
mikaratusi.
Mikaratusi ileile ya Muguga, magome yakibambuka,
na chini yake chai, kijani kilichochanwa kwa kitana,
wanawake na vikapu migongoni,
ukungu unaoingia saa tisa bila hodi,
mwanamume wa kofia ya sufu anauza karoti.
Nikakaa juu ya ukuta nikalia.
Bahari yote ile, harambee mbili,
nusu ya shamba la mama kule Masii,
ili nije kuona Limuru.

Niliporudi, Hasmukhbhai aliweka mkasi chini.
"Sema. Kukoje?"
Maneno mazuri nilikuwa nimeyapanga ndegeni.
Yakaniishia. Nikasema, "Kama Limuru."

Feni ikazunguka.
Mteja akaulizia zipu, hakuna aliyemjibu.
Nikajua nimevunja kitu kisichouzwa humu dukani.
Nikampa chupa ya mafuta ya mikaratusi; akainusa,
akaifunga, akaitia kwenye sanduku la pesa.

Jumapili, saa moja asubuhi, simu.
"Mwelu. Hiyo Limuru, nyonga yangu itaiweza?"

Tulikwenda na gari la binti yake,
Kyalo mbele na barakoa yake,
Hasmukhbhai nyuma, sweta mbili, soksi mbili,
miaka sabini na minne mjini hapa
na hajawahi kuvuka Uthiru ila kwa biashara.
Tukamshusha kando ya chai.
Ukungu ulikuwa bado haujaamka.
Akachomeka mkongojo kwenye tope,
akanyoosha mkono hewani kama anayepima kitambaa
kwa kidole gumba na cha shahada.
Hakusema ni kuzuri. Hakusema ni kubaya.
Akauliza, "Treni hupita wapi?"

Kyalo, ambaye ile nyingine hakuiona,
akaelekeza kidole bondeni, kwenye reli ya zamani
iliyoota nyasi kama kidevu cha mgonjwa.
Tukasubiri.
Hakuna aliyesema haitakuja.

Baada ya nusu saa kaka yangu akajikuna shingo,
akasema kwa haya kwamba amebanwa na mkojo.
Akaenda nyuma ya mkaratusi.
Nasi wawili tukatazamana, tukatega sikio,
tukafurahi kama waliosikia honi.